Shimo Lililongoja Neno Langu

Ule ni mwaka tuliokula mizizi ya mayungiyungi. Mto ulipanda ukameza mpunga wote wa kijiji chetu cha Mofu, hata wa mbegu, tukawa tunaingia madimbwini kung'oa mizizi na kuichemsha na kambale. Asubuhi mizizi, jioni mizizi. Anayetaka kujua umri wangu ajue hilo: mwaka wa mizizi nilikuwa mke mpya.

Njaa ndiyo iliyotupeleka milimani, upande wa Mahenge, kuchimba ulanga, lile jiwe linalong'aa na kuchanika kama maganda ya kitunguu. Tulikwenda mimi, mume wangu na mama yake, mjane. Mzungu mwenye mgodi alikuja kuchukua mzigo tu. Aliyetutawala ni nyapara. Baruti haikutumika karibu na mshipa, maana iliuvunja ulanga. Palipokuwa na mwamba mgumu wanaume waliukokea moto wa kuni, sisi wanawake tukaleta maji baridi ya kijitoni, wakaumwagia, ukalia na kupasuka. Kisha wakaingia na tindo na mtaimbo, wakaufuata mshipa popote ulipokwenda, hata mtu akachimba amelala ubavu. Juu walizuia kwa magogo waliyoyaita matimba. Kifusi kilitoka kwa karai. Nje tulikaa na visu, tunauchambua ulanga ukurasa kwa ukurasa, na hapakuwa na mkono mwepesi kama wangu.

Shimo lilikuwa na mwiko. Mtu akiwa chini, mke wake au mama yake asimlaze mwanamume mwingine nyumbani mwake. Wakivunja, ardhi inafunga. Na ikifunga, hafukuliwi mtu mpaka mwenye kosa aseme, la sivyo wafukuaji nao watafunikwa.

Ikafunga. Asubuhi moja tulisikia matimba yakikatika kama miwa. Wenzake mume wangu walitoka mbio, yeye akabaki chini. Alikuwa hai, tulimsikia akigonga jiwe kwa nyundo, akipumzika, akigonga tena. Wanaume wakaketi na sururu zao mapajani, wakanitazama.

Nyapara akasema taratibu, "Shemeji, sema tu. Hakuna atakayekupiga. Sema tufukue."

"Sikufanya, na sitasema nimefanya."

Mmoja akasema mke mwenye shingo kama yangu hakosi mgeni. Nikawaambia matimba yale yalikuwa miti laini, mibichi, niliyaona yakibebwa. Wakanijibu kwamba mwanamke ajue kuni za jikoni. Basi wakangoja, nami nikakunja mikono. Jua likapanda. Nyundo ikagonga, ikanyamaza, ikagonga kidogo. Nilikuwa nawachukia wao kuliko nilivyomhurumia yeye kule chini. Hilo ndilo linaloniuma. Neno moja la uongo, na mikono ya wanaume wazima ingeshika sururu.

Mama mkwe alikuwa anachochea moto wa mizizi. Huyu ndiye aliyewaongoza akina mama wa kanisani kwetu, aliyewafundisha mabinti sala. Akasimama, akavua kitambaa cha kichwani.

"Ni mimi. Nililaza mtu nyumbani mwa mwanangu. Fukueni."

Wakaanza kufukua hata hajaketi. Mume wangu alitoka hai, mguu mmoja umesagwa na jiwe, umekuwa mweusi. Tulimteremsha kwa machela hadi hospitali ya Ifakara, wakaukata. Sikumwuliza daktari kama mguu ungepona tungewahi. Sikutaka kusikia jibu, na hata leo silitaki.

Tuliporudi Mofu, habari zilikuwa zimetutangulia. Akina mama wakamvua mama mkwe uongozi, kanisani akakaa benchi la nyuma. Mtoni vijana wa kike wakamwamkia, "Shikamoo, bibi harusi," yeye akaitika marahaba, akajaza mtungi wake. Hakunilaumu hata kwa jicho. Nilikwenda kwa wale akina mama, nikawaambia alidanganya ili mwanawe afukuliwe. Wakanisifu kwamba mimi ni mkwe mwema, mkwe mwema humsitiri mama mkwe. Nikarudi nyumbani na sifa ambayo sikuistahili.

Miaka michache baadaye akaugua, tukajua hatainuka. Akina mama walishasema hawatamwimbia msibani. Akaniita niketi karibu, nikaketi na kikombe cha uji, akaweka mkono gotini kwangu.

"Mwanangu," akasema, "nataka wenzangu waniimbie. Kwamba nilidanganya hawaamini. Waambie ni wewe uliyelaza mtu, nami nilikuficha. Wewe bado kijana, watakusamehe. Mimi sina muda wa kusamehewa."

Mkono wake ulikuwa mwepesi kama ganda la ulanga. Nilimpenda yule mama kuliko aliyenizaa. Uji ukapoa. Aliyaangalia macho yangu, akingoja, kama walivyongoja wale wanaume mlangoni mwa shimo. Nikasema:

"Sikufanya, na sitasema nimefanya."