Mshonaji wa Jericho anayezivalisha soksi paipu za matingatinga

Ni saa mbili na robo asubuhi. Katika kibanda cha mabati nyuma ya soko la Jericho, Nairobi, Phelister Awuor amepiga magoti sakafuni. Mbele yake imelazwa paipu nyeusi ya mpira, nene kama kifundo cha mkono na ndefu kumshinda yeye mwenyewe. Anaizungushia futi ya kushonea, anaandika namba kwenye kipande cha boksi, kisha anapima tena palepale.

"Ikibana haitaingia. Ikilegea itajikunja, na ikijikunja inasugua," anasema bila kuinua kichwa.

Anachoshona ni kifuniko kirefu cha kitambaa kizito, mfano wa mkono wa koti, kinachovishwa juu ya paipu za mafuta na nyaya za umeme kwenye mashine kubwa. Kazi yake ni kuzuia chuma kisiisugue paipu, cheche zisiichome, na siku itakapopasuka, isimrushie mtu mafuta ya moto. Mafundi wa Eastlands huviita soksi.

Mteja akitokea mlangoni akiuliza kama Mama Whitney, jina analoitwa Phelister mtaani kwa ajili ya bintiye, anatengeneza sare za shule, majirani humjibu kwamba hapana, huyu anavalisha matingatinga.

Phelister, mwenye umri wa miaka 51, hakupanga kuingia katika kazi hii. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha ovaroli, Industrial Area, akishona mifuko na kola. Kisha, mwaka wa 2019, alipigiwa simu akiwa kwenye cherehani. Mdogo wake, Sylvance, aliyekuwa akiendesha tingatinga katika timbo la mawe, alikuwa amelazwa hospitalini.

Paipu ya mafuta iliyo karibu na kiti chake ilikuwa imepasuka. Mafuta yale husukumwa kwa nguvu nyingi ndiyo mkono wa tingatinga uinuke, na mashine ikishafanya kazi nusu siku, huwa yamepata moto. Yalimpiga Sylvance kuanzia kiganja cha kulia hadi begani.

Alipotoka hospitalini hakuwa na mtu wa kumwosha kidonda wala kumlisha. Phelister alimchukua hadi nyumbani kwake Jericho, akaomba ruhusa kazini. Wiki mbili zikawa miezi mitano. Kufikia wakati huo, cherehani yake kiwandani ilikuwa na mtu mwingine.

"Sikulia kwa ajili ya kazi," anasema. "Nililia siku alipojaribu kufunga vifungo vya shati akashindwa, akajifanya hataki kuvaa shati."

Katika miezi ile, ndugu hao wawili walikuwa na muda mrefu wa kuzungumza. Phelister aliuliza paipu nene namna ile inapasukaje. Sylvance akamweleza kwamba inaanza kidogo kidogo: inagusa ukingo wa chuma kila mkono unapoinuka, mpira unalika, na dereva haoni kitu hadi siku yenyewe. Dada yake akauliza kwa nini basi haivalishwi kitu.

Sylvance anakiri kwamba alicheka. "Nikamwambia, dada, hiyo ni mashine, si mtoto wa nasari," anakumbuka. "Hakucheka. Aliinuka akaenda kutafuta mkasi."

Kumbe katika nchi nyingine vifuniko kama hivyo vimekuwepo miaka mingi, na hata hapa Nairobi huuzwa, ila huagizwa kutoka nje kwa vipimo maalumu, na wenye mashine kuukuu hawavinunui. Phelister hakuyajua hayo. Alikata turubai la lori lililochakaa, akalishona kwa mkono, akalivisha kwenye kipande cha paipu alichopewa na fundi mmoja wa Kariobangi. Halafu akalisugua kwenye ngazi ya simenti mpaka majirani wakadhani amechanganyikiwa.

Mteja wake wa kwanza wa maana alikuwa Shire, mfanyabiashara mwenye malori na matingatinga manne. Aliagiza soksi ishirini na mbili. Kwa zile za karibu na injini, Phelister alitafuta kitambaa cha nyuzi za kioo kisichoshika moto, kitambaa kinachowasha ngozi hivi kwamba mpaka leo hukishona akiwa amevaa mikono mirefu na barakoa.

Wiki tatu baadaye alipita kwenye karakana ya Shire kukagua kazi yake, jambo ambalo hakuna aliyemwomba afanye. Akaikuta soksi moja imefunguka mshono kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitambaa kilikuwa kizima. Uzi ndio ulioyeyuka, kwa kuwa alikuwa ametumia uzi wa kawaida wa kushonea ovaroli.

Hakuna aliyekuwa ameiona. Dereva wa lori hilo alimhakikishia kwamba gari liko sawa. Phelister angeweza kuibadilisha ile moja, akaenda zake.

Badala yake alikwenda ofisini kwa Shire akamwambia kwamba soksi zote ishirini na mbili ni mbovu na lazima zitoke siku hiyo. Shire alikasirika, mashine zake zilikuwa zimetawanyika katika sehemu tatu tofauti. Phelister akasema atazifuata mwenyewe. Ilimchukua siku nne. Madereva wengine walikataa kabisa kuzivua, wakisema zao bado zinashika. Alikuwa akiukamata mshono kwa vidole viwili mbele yao, anauvuta, unaachia.

"Afadhali paipu iwe uchi, dereva ajue iko uchi," anasema. "Nikimwachia soksi iliyooza, anakaa pale akiamini amefunikwa, na kumbe hajafunikwa. Hapo mimi ndiye nitakuwa nimemuumiza."

Mwezi mzima uliofuata alikuwa akishona upya, safari hii kwa uzi usioyeyuka ambao aliutafuta maduka mengi kabla ya kuupata. Shire, aliyeapa kutoagiza tena kwake, ndiye leo anayempelekea wateja. "Watu wakikuuzia kitu kibaya, wanazima simu," anasema mfanyabiashara huyo. "Yeye alikuja kuniambia kabla mimi sijajua. Mtu kama huyo unamwacha aende wapi?"

Tangu wakati huo, kila soksi inayotoka kibandani hushonwa kwa ndani tarehe na namba ya simu kwa uzi mwekundu. Mwaka jana, mwezi wa Machi, namba hiyo ilipigwa na mtu asiyemfahamu.

Alikuwa Mutisya, dereva wa tingatinga katika timbo moja upande wa Njiru. Paipu ya karibu na kiti chake ilikuwa imepasuka asubuhi hiyo akiwa kazini. Alisikia mlipuko, akafumba macho, akangoja maumivu. Alipofumbua, mafuta yalikuwa yakichuruzika kutoka mwisho wa soksi, chini kabisa, yakimwagikia mnyororo wa tingatinga. Hata tone moja halikuwa limemfikia usoni.

Phelister anasema swali lake la kwanza lilikuwa kama ameumia. La pili lilikuwa kama soksi ile bado ipo.

Mutisya aliileta Jericho mwenyewe, imelowa mafuta, kwenye mfuko wa nailoni. "Nilidhani nitakuta kampuni," anasema. "Nikakuta mathe na cherehani. Nikampa mkono."

Sylvance alikuwepo siku hiyo. Vidole vyake viwili havikunjiki tena, kwa hiyo hajarudi kwenye mashine. Yeye ndiye huzunguka kwenye matimbo na karakana akichukua vipimo.

Dada yake aliifungua soksi ile mshono kwa mshono juu ya meza. Akagundua mahali pamoja ambapo mafuta yalikuwa yameanza kupenya, na kuanzia siku ile hupitisha mishono miwili sambamba pale alipokuwa akipitisha mmoja.

Siku hizi hata wachomeleaji wa Kariobangi humletea nyaya zao, kwani cheche hula mpira wa waya. Soksi ya mita moja huuzwa shilingi 650, na zaidi ya nusu huishia kwenye kitambaa na uzi. Kwa wiki nzuri anashona arobaini. Kazi hii haijamtajirisha, lakini imemlipia Whitney karo ya chuo.

Viwanda vikubwa bado havinunui kwake, kwa sababu soksi zake hazina cheti cha maabara. Mwezi huu amepata nafasi ya kuzipima katika maabara moja. Soksi tatu zitavishwa kwenye paipu, kisha mafuta ya moto yatasukumwa ndani, nguvu ikiongezwa mpaka kitu kiachie. Ameambiwa anaweza kuziacha mapokezi na kusubiri majibu kwa simu. Amekataa, akaomba aruhusiwe kusimama nyuma ya kioo.

"Najua kuna kiwango ambacho itapasuka, kila kitu kina mwisho wake," anasema. "Nataka ipasuke mbele yangu, niione ilipoanzia. Isije ikapasukia mbele ya mtu aliyekaa kwenye kiti."