Maneno Thelathini na Moja Ndani ya Koti

Harufu ya wino wa kalamu nene, ile ya kuandikia maboksi, siipendi hadi leo. Juzi nilikuwa namsaidia Mama kufungasha vitu, anahama Norsborg kwenda Sundbyberg. Nikafungua kalamu moja tu, na hapo hapo nikawa tena na miaka kumi, nimeshika koti lake jeusi.

Wakati ule Mama, nesi aliyesomea Nakuru, alikuwa anasafisha vyoo vya uwanja wa ndege kule Märsta. Jumatatu angefanya mtihani wa leseni ya Sweden. Alikuwa ameanguka mara mbili, na ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Jumamosi akanipeleka makumbusho mjini apumzishe kichwa, maana kazini alipewa tikiti mbili zinazokwisha siku hiyo, na Mama hakuwa mtu wa kuacha cha bure kioze. Hakuuliza ndani kuna nini.

Ndani kulikuwa na mitihani.

Mitihani ya wafalme wa Uchina wa kale, ya kuchagua maafisa. Ukumbi ulikuwa na giza, na katikati walijenga kijumba cha mtahiniwa: kuta tatu, mbao mbili. Nilihesabu tena, mbili. Moja ya kukalia, moja ya kuandikia, na usiku zote pamoja ni kitanda. "Nisomee," Mama akasema, kama kawaida yake, nami nikasoma vibao vya Kiswidi kwa sauti. Watu walifungiwa siku tatu. Aliyefia ndani alipitishwa juu ya ukuta, kwa kuwa lango halikufunguliwa kabla ya wakati. Wengine walirudia mpaka wakaota mvi.

Mama aliitazama sana picha ya mzee mmoja. "Na huyu, watoto wake aliwaachia nani?"

Hakuna kibao kilichojibu hilo.

Kwenye kioo cha mwisho palikuwa na fulana ya ndani iliyojaa herufi ndogo kama chawa. Ya kuibia mtihani. Nilihesabu kona moja nikapata mia mbili kumi na nne, nikarudia nikapata mia mbili kumi na sita, nikapatana na nafsi yangu kwa kumi na tano. Chini yake kibao kilieleza adhabu: ubao mzito shingoni, langoni, mbele ya watu, na mtihani basi, maisha. Hicho sikumsomea.

Jumapili mchana, Mama akiwa kwaya, nilitandaza koti lake kitandani na kuandika kwenye bitana yake nyeupe majina ya dawa aliyokuwa akiyakosa kila nilipomuuliza. Thelathini na moja. Nilihesabu mara mbili. Nilipanga kumwambia asubuhi, lakini asubuhi alikuwa anaimba akitafuta viatu, nikaona nisimkatize.

Sasa, ninyi mnaomjua Mama mnajua anavyovua koti. Kanisani, kwenye treni, popote, analigeuza ndani nje ndipo analitundika, ili upande wake wa nje usishike uchafu wa watu.

Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nyumbani aliporudi kabla ya saa sita. Alisema hakufanikiwa, akaniuliza kama nimekula. Koti lilikuwa mkononi, limekunjwa vizuri. Nje theluji ilikuwa inaanguka. Nikasubiri kofi. Halikuja, na hilo lilinitisha kuliko kofi. Märsta aliendelea kwenda miaka tisa.

Yaliyotokea niliambiwa nikiwa mkubwa na Mama Furaha, rafiki yake Mkongo, aliyefanya mtihani chumba kile kile. Koti lilining'inia mlangoni, bitana nje, darasa zima linaliona. "Walimuuliza ni nani aliandika," aliniambia. "Maandishi ya mtoto kabisa, kila mtu aliona. Mama yako akasema, ni mimi."

Angesema ukweli, nadhani wangemsikiliza. Lakini aliwaza barua zitakazofuata, ya shule, ya ustawi wa jamii: nyumba gani hii mtoto anafundishwa kuiba mtihani? Alijua watoto wanavyoondolewa majumbani.

Juzi, kalamu mkononi, nilimuuliza mbona siku zote aliniambia nimsomee vibao, ilhali Kiswidi anakisoma. Akasema alipenda sauti yangu. Yeye alikuwa ameshavisoma vyote.

"Vyote?"

"Mpaka kile ulichoruka."

Ni yeye aliyenifundisha sokoni kwamba bei ya kwanza ni salamu tu. Siku ya mtihani alitajiwa bei ya kwanza, leseni yake, akaikubali papo hapo.