Chai ya Mlenda Mbele ya Mchungaji

Hili nawasimulia nyie tu, na mkicheka chekeni taratibu, maana hata leo nikiona birika uso unaniwaka moto mpaka masikioni.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, nimeolewa Lusu kule Nzega, na siku mtoto wa wifi yangu anabatizwa nilikuwa na miezi minne tu kwenye ule mji wa wakwe (yaani bado napimwa hata ninavyofagia). Asubuhi mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, leo chai ya wageni ni yako." Jamani, kwa mkamwana mgeni hicho ni cheo! Nikajiapiza kwamba leo watanijua. Wakanijua kweli.

Maji ya lambo siku hizo yalikuwa tope tupu. Sasa kwenye semina Tabora mjini tulifundishwa kwamba ute wa mimea kama bamia na mlenda unakamata tope majini, likashikana, likazama, ukabaki na maji safi ya kuchuja na kuchemsha. Kidogo tu, walisisitiza, kidogo tu. Nikachukua unga wa mlenda mkavu wa mama mkwe, nikatia kijiko kwenye ndoo, nikakoroga, tukasubiri, mara unaona mpaka chini. Wanawake wa jikoni wakapiga vigelegele, wifi akasema, "Kaka yangu kaoa daktari!" Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Lilibaki pipa zima, ibada imeshaisha, wageni hao wanakuja, nikajiambia kama kijiko kimefanya vile, bakuli je? Nikamwaga bakuli zima. Kuchuja nikaona maji yanapita kwa shida, mazito mazito, nikajifariji kwamba moto utamaliza (moto haukumaliza kitu), nikatia majani, maziwa, sukari, na tangawizi nyingi ya kufunika aibu.

Mchungaji akaomba, akanyanyua kikombe, akanywa. Alipokishusha, chai ikakataa kukatika, uzi mrefu kutoka ndevuni hadi kikombeni, akauzungusha kwa kidole kama tunavyofanya wote mbele ya mlenda, akamwuliza mama mkwe kwa upole kabisa, "Mama, ugali uko njiani?"

Ua zima likaangua kicheko. Wifi akakimbilia nyuma ya nyumba, mume wangu akainama kufunga kamba za viatu (naye kavaa ndala), mimi nimesimama na birika, machozi yananilengalenga, najua kesho narudishwa kwetu Usoke nikafundwe upya.

Mama mkwe akasimama. Hakuniangalia. Akanywa kikombe chake mpaka lile tone la mwisho lililokuwa linaning'inia, akajifuta, akasema watu wote wasikie, "Chai ya mkamwana wangu ni nzuri. Niongezee." Kicheko kikakatika (tofauti na chai), mchungaji naye akamaliza cha kwake.

Jikoni nikapiga magoti. "Mama, nisamehe."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Nimekutetea," akasema, "lakini sufuria bado imejaa, na wageni hawaongezi. Kaa chini unywe."

Nilikunywa vikombe sita, yeye kanikalia mbele. Siku hizi nikienda kufundisha watu kusafisha maji, neno langu la kwanza ni kidogo, la pili ni kidogo, na mtu akiuliza kwa nini, nabadilisha mada.