Binti yetu aliitwa "mtoto" tu, mpaka siku tuliyompeleka Kisarawe: kisa cha jina Lea

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenitokea mwenyewe, sijatia chumvi.

Naishi Kibaha. Tulipojaliwa binti, mama yangu, mzaliwa wa Maneromango na Mlutheri wa kuzaliwa, alitaka aitwe Lea, jina la marehemu mama yake.

Wife akaingia Google. Lea ni Kiebrania, wengi wanasema maana yake ni "aliyechoka".

Akafungua Mwanzo 29. Lea ana macho dhaifu. Mume aliyemtaka Raheli, mdogo wake, akaingizwa mjini na baba mkwe, akapewa Lea.

Akasema, "Mwanangu simpi jina la mwanamke asiyependwa."

Mama akanuna. Wakawa wanasalimiana kupitia kwangu. Mtoto tukamwita "mtoto" tu, na iliniuma, nikimbeba naona kama nimemwazima kwa jirani.

Tukaenda wote, na mama pia, Kisarawe kumwonyesha mtoto kwa bibi yake wife. Wife alifiwa na mama akiwa mchanga, bibi huyu ndiye aliyemkuza. Ni Muislamu, habari za Lea na Raheli hana.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala vilimani. Mikorosho inaonekana, inapotea. Sauti za watu zinafika zimepoa, nikawa macho lakini kama naota.

Baada ya shikamoo na marahaba, wife akamlaza mtoto mapajani kwa bibi. Mama, kwa ubishi wake, akainama akamnong'oneza mtoto, "Lea."

Bibi akainua uso.

"Kulea nitalea, wanangu. Mama yake nimemlea kwa mikono hii hii. Ila mwenyewe anakwenda wapi?"

Wife akacheka, kicheko kikageuka kilio. Akapiga magoti, akamshika bibi mikono.

"Siendi popote, bibi. Ndilo jina lake. Anaitwa Lea."

Ndiyo mara ya kwanza jina lile kutoka kinywani mwake. Mama akageukia ukutani, akajifuta macho kwa khanga.

Bibi akasema, "Kumbe jina. Na mimi nilishakubali."

Mtoto hakumrudisha mpaka tunaondoka.

Nilichojifunza: maana ya Kiebrania ipo, siikatai. Lakini jina likiingia nyumba ya Waswahili linapata maana nyingine, na hiyo ndiyo mtoto atakua nayo.

Na wewe mwenye jina la Biblia, kwenu liliwahi kuleta ugomvi? Tiririka hapo chini.

Bibi mpaka leo akipiga simu hamuulizi Lea kwa jina. Anauliza, "Kazi yangu hajambo?"