Taa za Karakana ya Gesima

Mume wangu alikuwa seremala, na miaka yetu ya kwanza Gesima, mwishoni mwa miaka ya sitini, karakana yake ilikuwa ukuta wa nyuma wa nyumba na mabati machache yaliyotokeza mbele yake. Alifanya kazi akilifuata jua. Asubuhi meza yake ilikaa upande wa migomba. Mchana, nikiwa nimerudi kutoka shule ya msingi nilikofundisha hesabu, tuliibeba sote wawili tukaiweka upande wa barabara. Mwendo wa saa nane mawingu yalishuka juu ya mashamba ya chai na mwanga ukaondoka kabla mvua haijafika. Hapo ndipo alipowasha karabai na kuitundika kwenye boriti nyuma yake.

Karabai ilitoa mwanga mzuri, lakini ilimulika mgongo wake. Kivuli chake kiliangukia pale pale alipokuwa akipiga patasi. Alasiri moja ya mvua alikuwa akichonga tundu la kiungo kwenye fremu ya mlango wa kanisa letu, akachonga upande usiofaa wa mstari. Hakugundua mpaka mlango ulipopachikwa na kukataa kufunga. Sabato nzima tulikaa kwenye benchi la nyuma, upepo ukitupuliza, kila mtu akijua ni kazi ya nani, na yeye hakuweza kuugusa kwa sababu siku ile si ya kazi. Nyumbani alianza kuitazama karabai kama mtu anayemtazama jirani aliyemsengenya.

Kisha nguzo za stima zikaja. Zilikuwa zikipeleka umeme kwenye kiwanda cha chai, na zilipita kando ya shamba letu. Tuliambiwa kwamba anayetaka kuunganishwa aandike jina. Mume wangu aliandika, kisha akaanza kujenga karakana kubwa, futi sitini kwa thelathini, kuta za matofali na paa la mabati juu ya kenchi alizozikata mwenyewe. Majirani waliuliza kama ni shule.

"Nitaweka taa moja kubwa katikati," aliniambia. "Kama jua."

"Na kivuli chako kitaenda wapi?"

"Kitaenda mbali. Nyumba ni kubwa."

Sikuridhika. Nilichukua daftari la miraba kutoka kabati la shule, kila mraba ukawa futi moja, nikachora kuta, milango, meza nne za kazi, na mahali alipotaka kuweka msumeno wa duara. Siku moja ya mvua, karakana ikiwa bado tupu, tulifunga madirisha yote kwa magunia. Akaning'iniza karabai kwa kamba ndefu iliyopita juu ya kenchi, ili aweze kuisogeza. Mimi nilisimama mahali pa kila meza, nikainama kama mtu anayepiga randa, naye akakizungushia chaki kivuli changu sakafuni. Nilikuwa na mimba ya miezi saba ya mtoto wetu wa tatu.

"Mwalimu," akasema, akicheka mpaka chaki ikamponyoka, "hiki ni kivuli cha watu wawili. Seremala wa hivi sina."

Lakini aliona. Taa ikiwa katikati, kila anayefanya kazi kwenye meza za kando akiupa ukuta uso alikuwa na giza mikononi mwake. Jioni ile aliliomba daftari, akalitazama muda mrefu, akaniambia nichore taa nyingi.

Nilichora nane, mistari miwili iliyonyooka, kila taa juu ya mahali mtu atakaposimama. Niliipenda sana ile karatasi. Kila kitu kilikaa sawa upande huu na upande ule.

Fundi wa stima alitoka Kisii mjini. Alikuwa Mwislamu wa makamo, mwenye kofia nyeupe na mfuko wa ngozi wa vifaa. Baba yake alikuwa mtu wa pwani na mama yake mtu wa huku kwetu. Lugha yetu, Ekegusii, aliisikia vizuri lakini alipenda kusema Kiswahili, nasi tukamjibu kwa Kiswahili chetu cha shuleni. Binti yetu mdogo alipokuja akiniita "Baba! Baba!" kama watoto wa Kigusii wanavyomwita mama yao, aliweka kikombe cha chai chini akacheka.

"Miaka yote hii," alisema, "na bado sijazoea nyumba ambayo baba ndiye anayepika."

Hakutaka kuliona daftari kwanza. Alimwita mume wangu katikati ya karakana.

"Fundi, ukipiga randa, unasimama wapi?"

Mume wangu akasimama.

"Unatazama wapi? Na mkono gani unashika mbele?"

Aliuliza hivyo kwa kila meza, akipiga alama sakafuni kwa ncha ya kiatu. Baadaye ndipo alipofungua daftari langu, akalitazama kwa heshima, halafu akatoa penseli kwenye sikio lake.

"Mwalimu, umechora vizuri. Lakini taa zako umezitundika juu ya vichwa vya watu. Mtu akiinama, kichwa chake ndicho kinachofunika kazi. Taa isogee mbele yake kidogo, na nyingine ije kutoka ubavuni, upande wa mkono usioshika kifaa. Moja ikifanya kivuli, ya pili ikifute."

Alizisogeza moja moja. Alisema zitumike taa ndefu za mrija, tyubu, kwa kuwa mwanga wake hutandaa, na kwamba tupake chokaa kuta zote na mbao za chini ya paa, maana ukuta mweusi hula mwanga. Alipofika kwenye msumeno wa duara, alichora kiduara kidogo juu yake.

"Hapa usiweke tyubu peke yake. Weka na balbu ya kawaida, ishuke karibu na meza. Gurudumu linalozunguka chini ya tyubu linaweza kukudanganya. Utaliona limesimama."

Mume wangu alinitazama. Msumeno unaozunguka, uonekane umesimama? Alitaka karakana nyeupe kote, nyeupe kama ile ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho alikojifunza kazi, wala hakutaka balbu ya rangi ya mafuta ya taa kuning'inia katikati yake. Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kipuuzi: kile kiduara kiliharibu mchoro. Nilisema, "Mzee, nafikiri tyubu zitatosha."

"Karakana ni yenu," akajibu kwa upole, akafuta kiduara. Aliomba mahali pa kuswali, nikamfagilia pembe iliyokuwa kavu, na mume wangu akaacha kugonga misumari mpaka alipomaliza.

Siku stima ilipowashwa, mtoto alikuwa ameshazaliwa na nilikuwa nimembeba mgongoni. Mume wangu alibonyeza swichi. Tyubu zilipepesa mara mbili tatu, kisha karakana nzima ikawa nyeupe. Watu waliokuja kutoka Nyaramba kuchukua madirisha yao walivua kofia. Mume wangu alikwenda kwenye meza ya mbali zaidi, akaweka kiganja chake juu ya mbao, akakigeuza. Kivuli kilikuwa hafifu sana hata hukuweza kusema kimeelekea wapi. Alinitazama, akatikisa kichwa, akatabasamu.

Msumeno wa duara ulifika wiki chache baadaye, pamoja na mashine ya kupiga randa, vyote vikiwa vimetumika kwenye kiwanda cha mbao. Alasiri moja nilipeleka chai. Mashine ya randa ilikuwa ikipiga kelele, na mume wangu alikuwa ameinama juu yake, mgongo kwangu. Kwenye meza ya msumeno kulikuwa na unga mwingi wa mbao. Niliutazama msumeno. Niliyaona meno yake, moja moja, yametulia kama meno ya kitana. Niliweka birika pembeni nikanyoosha mkono kupangusa unga ule ili niweke vikombe.

Nilihisi mkono wa sweta ukivutwa. Ulikuwa mvuto mmoja tu, mkali, halafu uzi ukakatika. Nilirudi nyuma nikaangusha vikombe. Mume wangu alisikia vikivunjika, akageuka, akakimbilia swichi. Kelele zilipokwisha ndipo niliposikia msumeno wenyewe ukipunguza mwendo, na meno niliyoyaona yakapotea kwenye ukungu, yakatokea tena, yakasimama kweli.

Sweta lilichanika mpaka kwenye kiwiko. Ngozi ya kidole gumba ilikuwa imechubuka, damu kidogo tu. Mume wangu aliushika mkono wangu akavihesabu vidole kwa sauti, kwa Ekegusii, kama tunavyowafundisha watoto. Alipofika cha tano alianza tena.

"Nilidhani umeuzima," nilisema.

"Niliuacha ukizunguka. Ni kosa langu."

"Mimi ndiye niliyekataa balbu."

"Tuliikataa sote."

Hatukuugusa tena msumeno ule mpaka fundi wa stima aliporudi. Nilimwogopa kidogo, kama mwanafunzi anayempelekea mwalimu jibu baya. Alilitazama sweta, akatazama kidole, akasema, "Alhamdulillahi," akafungua mfuko wake wa vifaa. Alifunga balbu kwenye waya mrefu juu ya meza, na kifuniko cha bati kama sahani. Kisha akapiga chaki alama moja kwenye uso wa msumeno, akatuita, akauwasha chini ya tyubu peke yake. Alama ilitulia, ikaanza kutambaa taratibu kurudi nyuma. Akawasha balbu. Alama ikayeyuka, tukaona mviringo unaozunguka, kama ulivyokuwa.

"Tyubu inawaka na kuzima upesi kuliko jicho," alisema. "Msumeno ukipata mwendo unaolingana nayo, kila mara mwanga unaukuta mahali pale pale. Balbu uzi wake ukishashika moto haupoi, kwa hiyo haikufichi kitu."

"Ungetuambia hivi siku ile," mume wangu alisema, bila hasira.

Fundi alifikiri. "Kweli. Niliwaambia niliyojua, sikuwaonyesha."

Aliondoka siku ile na nakala ya mchoro wangu, pamoja na kiduara chake ambacho nilikirudisha kwa wino. Kabla ya mwaka kwisha alituma ujumbe: shule moja karibu na Mosocho ilikuwa ikijenga chumba cha useremala, na alitaka mtu wa kumchorea kwa vipimo. Nilikwenda wakati wa likizo, mtoto akibaki na mama mkwe. Nilifanya michoro mingine mitano kwa fundi yule, ya viwanda vidogo na duka moja la cherehani mjini, mpaka alipohamia kwa mwanawe pwani. Mume wangu alifanya kazi chini ya taa zile miaka mingi. Mvua ilipoanza, hakuinua tena kichwa kuitazama.