Uchungu Uongoze, Kimea Kiitikie

Ijumaa ya pili ya mwezi Juni, katika mwaka ule niliofiwa na mume, mwanamke niliyemheshimu kuliko wote alinikana mbele ya mgeni. Nakumbuka hata upande ule jua lilikokuwa likiingilia dirishani. Nimezeeka sasa, mwanangu, lakini mshtuko wa siku ile bado ninao, nami nataka uupokee kutoka kwangu kabla hujaupata kwa mtu mwingine.

Nilikuwa kijana. Mwezi Machi mume wangu alifukiwa na kifusi katika machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, na kufikia Mei wakwe zangu walikuwa wameshaamua kwamba nirudi kwao nikarithiwe na shemeji. Niliwajibu kwa adabu kwamba nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa Runzewe, katika kiwanda kidogo cha bia cha Mama Holo, aliyekuwa amepika bia katika viwanda vikubwa kwa miaka mingi kabla ya kufungua chake. Mchana niliosha matangi, jioni nilisoma sekondari ya watu wazima. Mama Holo alipogundua kwamba ulimi wangu unatambua ladha upesi, na kwamba Kiswahili changu kilikuwa kimeanza kunyooka, alinipandisha cheo nikawa mwonjaji. Nilionja, kisha nikaeleza nilichoonja.

Bia yake ilipikwa kwa hopsi nyingi, yale maua makavu ya kijani yanayoleta uchungu na harufu. Sisi tulizoea pombe ya mtama yenye uchachu, na bia za dukani ambazo uchungu wake hubisha hodi ukaishia mlangoni. Hii ya Mama Holo iliingia ndani na kuketi.

Mgeni wa siku ile alikuwa Bwana Shija, mwenye hoteli Geita mjini, ambaye kabla ya hoteli alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Akiikubali bia ile, kiwanda kingeendelea. Akiikataa, Mama Holo angefunga milango mwisho wa mwezi, nami ningefunga mizigo yangu kwenda kwa shemeji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti." Alikunywa, uso ukakunjamana. "Hebu niambie wewe unayeonja. Kitu hiki kina mizani?"

Elewa, mwanangu, jinsi neno hilo linavyosikika huku kwetu. Mtu wa ukanda wa dhahabu akisikia mizani, huona meza ya mnunuzi: vibakuli viwili vinaning'inia, dhahabu huku, vipande vya uzito kule, na watu wote wamezuia pumzi hadi vitulie usawa mmoja. Kimoja kikishuka, kuna anayeibiwa.

"Kina, mzee," nilijibu kwa majivuno. "Uchungu na utamu vimelingana sawasawa. Hakuna kilichozidi."

Mama Holo alininyang'anya glasi mkononi. "Si kweli. Uchungu umezidi. Nimeuzidisha mwenyewe, kwa makusudi."

Bwana Shija alichukua kofia yake mezani.

"Mama Holo, wewe na mfanyakazi wako hamuelewani. Wateja wangu nitawaambia nini?"

"Keti, baba. Gari anaendesha dereva, wewe una haraka gani?"

Alicheka, akaketi. Mama Holo akachota maji mazito ya kimea, yaani yale matamu yatokanayo na nafaka iliyooteshwa, kabla hayajachachushwa. Aliyamimina ndani ya jagi la bia ileile, akaonja, akaongeza, akaonja tena, mpaka akatikisa kichwa kuridhika.

"Hii sasa ndiyo mizani ya huyu binti. Vibakuli viko usawa. Kunyweni."

Nilikunywa, nikashtuka kwa mara ya pili. Hapakuwa na kitu. Uchungu haukusema, utamu haukusema. Bwana Shija alichungulia ndani ya glasi yake kama aliyedondosha pete.

"Hii haina mtu ndani," akasema.

"Imelingana sawasawa," Mama Holo akamjibu. "Baba, wewe ni mtu wa ngoma. Manju akiimbisha, waitikiaji hupaza sauti kumshinda?"

"Wakifanya hivyo hapana wimbo."

"Na wakinyamaza?"

"Atabaki mwendawazimu anayejipigia kelele sokoni."

"Basi katika bia hii manju ni uchungu. Kimea ni waitikiaji. Sijawapanga walingane. Nimewapanga wasikilizane."

Kisha akanigeukia, akaniita mama kwa Kisukuma, na sauti ikashuka. "Mayu, ulimi wako haukukosea. Niliuona uso wako ulipoonja. Uchungu uliusikia mapema kabisa. Ulichokwepa ni kuutaja. Tangu umzike mumeo, kila uchungu unataka usawazishwe papo hapo."

Huo ndio mshtuko wa tatu, mwanangu, na ndio mkubwa. Tangu Machi hakuna aliyekuwa amemtaja mume wangu mbele yangu bila kuongeza kwamba nitasahau. Mama Holo hakuongeza neno. Alinirudishia glasi ya bia ya kwanza.

"Onja. Sema kilichomo."

Nilionja polepole. "Kwanza kuna harufu ya maganda ya machungwa," nikasema. "Halafu uchungu unakuja, mkali, wala haujifichi. Katikati nasikia mkate ulioungua kidogo pembeni. Hicho ndicho kimea kinachoubeba. Mwishoni uchungu unarudi, unaukausha ulimi, na mtu anatamani kunywa tena."

Bwana Shija alikunywa akinifuata neno kwa neno. Alipomaliza, hakukunja uso.

"Nachukua hii kali," akasema. "Ila binti aje hotelini awafundishe wahudumu wangu kusema hivyo. Mimi ningewaambia ni chungu, basi."

Kiwanda hakikufungwa, na kwa shemeji sikwenda.

Kwa hiyo, mwanangu unayeanza kazi ya kuonja, shika hili. Usiseme bia ina mizani kwa sababu hukusikia chochote kilichozidi. Uliza kwanza nani ameitwa kuongoza, kisha usikilize kama yupo wa kumwitikia. Bia ya hopsi ina haki ya kuwa chungu. Inapokosa mizani ni pale uchungu unapobaki peke yake, au unapozibwa mdomo. Ukiulizwa, utaje uchungu kwa jina lake, ndipo utaje kinachoubeba. Nami nimeishi mjane miaka yote hii kwa kanuni hiyohiyo.

Mungu akulinde na maisha yasiyo na ladha. Uchungu utakapokufikia, akujalie kimea cha kuubeba, na ulimi usioogopa kuonja tena.