Tele kwa Wateja, Mfuto Nyumbani

Wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, soko zima lilimwita Mama Tele. Jina hilo alilipenda kuliko alivyompenda kaka yangu, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Alikuwa muuza nafaka: mchele, maharagwe, choroko, kunde. Mizani ilikuwepo sokoni, tena nzuri, lakini yeye hakutaka hata kuisikia. Alipimia kibaba cha mti kilichochongwa kwenye gogo moja, cheusi ti kwa kushikwashikwa.

Kwa nyinyi mliokulia kwenye kilo na gramu, ngoja niwaeleze. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kwa hiyo vibaba vinne ni pishi moja, na hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanzia mdomoni mwa chombo. Ukijaza kibaba halafu ukapitisha kijiti juu yake, nafaka ikalala sawa na ukingo, huo ni mfuto. Ukiacha nafaka ipande juu mpaka punje zianze kuporomoka zenyewe, hiyo ni tele. Vyote viwili vinaitwa kibaba, na ndiyo maana watu sokoni wanataka kutoana macho kila siku.

Wifi yangu alitoa tele. Wenzake walifuta kwa kijiti, yeye akajaza, akaongeza konzi, akaongeza na punje mbili tatu kwa vidole, huku akisema, "Chukua mwanangu, kaburini hatuendi na mchele." Watu wakapanga foleni mezani kwake, wakizipita meza za jirani zisizo na mtu. Na hesabu anazo! Mwambie unataka pishi moja kasoro kibaba, nusu ya mchele huu na nusu ya ule, hujamaliza kusema ameshakutajia bei. Debe la jumla alilitazama tu akakwambia litatoa pishi saba na kisaga, na likitoa pungufu alimfuata muuza jumla akamtukana mpaka ukoo wake wa nyuma.

Nyumbani sasa, ndugu zangu, nyumbani kulikuwa na sheria nyingine. "Tele kwa wateja, mfuto nyumbani." Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli yake. Mwanawe, huyo mtoto wa kaka yangu, fundi seremala, alipooa, mkaza mwana akaletwa kukaa nyumba hiyohiyo, chini ya hiyo sheria. Kila mwanzo wa wiki alikwenda sokoni na mfuko wa kitambaa, mama mkwe akampimia vibaba vinne vya mchele, kila kimoja akakifuta kwa kijiti taratibu, kama anayemnyoa mtoto. Mchele huo ulikaa jikoni kwenye pishi ya baba yangu mzazi, chombo cha zamani ambacho kaka alikirithi. Wali wote wa wiki nyumba ile ulitoka humo, siku nyingine wakila ugali.

Binti wa watu alikuwa mpole. Mimi wapole huwa wananiudhi, lakini huyu sikuweza kumchukia. Alishika mimba akiwa bado hajajua hata kona za soko, na siku ya kisa hiki mimi nilikuwepo sokoni, nimekwenda kununua maharagwe. Meza ya wifi ilikuwa imejaa watu. Binti akasogea na mfuko wake, akasema kwa sauti ya adabu, "Mama, samahani. Mchele wa wiki unanipungukia. Nikiumimina kwenye pishi ya nyumbani haujai, unabaki vidole viwili kutoka ukingoni, karibu kibaba kizima. Labda kibaba kimeingia kasoro. Tukipime?"

Nilimwona wifi akiweka kiganja juu ya mdomo wa kibaba, haraka, kama unavyofunika sufuria paka akipita. Sikuelewa wakati ule. Kisha akacheka, kicheko kirefu.

"Jamani wateja wangu, vibaba vinne ni nini?"

"Pishi!" wakaitikia wote.

"Nilimpa vingapi huyu?"

"Vinne!"

"Basi kimoja kimekwenda wapi?" Akamtazama binti kuanzia usoni, akashuka mpaka tumboni, akabaki hapohapo. "Aaa! Nimeshajua. Mimba hiyo inataka mchele mbichi. Unatafuna njiani, halafu unakuja kunikashifu mbele za watu. Fungua mdomo tuone."

Nikasema, "Wifi, basi." Akanigeukia, "Wewe nunua maharagwe yako uende zako."

"Fungua mdomo!"

Akafungua. Mtoto wa watu, na tumbo lake mbele, alisimama katikati ya soko akaufungua mdomo wake, na wifi yangu akainama akachungulia, na wateja nao wakachungulia. Hakukuwa na kitu. "Ameshameza," wifi akasema, na watu wakaangua kicheko. Nyie, kwa hasira maharagwe yakanimwagika.

Jioni mume akaambiwa. Yeye na mama yake ni chanda na pete, atamwamini nani? Akamwambia mkewe, "Muombe mama radhi, yaishe." Binti, pale sakafuni, akasema maneno matatu tu, ya kosa ambalo hakulifanya: "Nimekula mimi, mama."

Wifi akajibu, "Nimekusamehe. Panya naye ni kiumbe."

Basi likawa ndilo jina. Kipanya. Sokoni Kipanya, mtaani Kipanya, bombani akiteka maji Kipanya. Alipojifungua, wanawake waliokuja kumtazama mtoto walikuwa wakiulizana pembeni kama kazaliwa na mkia. Yeye akainamisha kichwa, na wiki iliyofuata akaenda tena kuchukua vibaba vinne vya mfuto, na havikujaza pishi, na hakusema tena neno.

Miaka ikapita. Mungu si Athumani, watu husema. Wifi aliteleza kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya soko, akavunjika nyonga. Hospitali wakafanya walichoweza, akarudi nyumbani na fimbo mbili na maumivu, akalazwa chumba cha nyuma chenye dirisha la kuangalia ukuta. Meza ya nafaka akaachiwa nani? Kipanya. Hakukuwa na mwingine.

Hata kitandani kisirani hakikumtoka. Akakataa kula kwenye sufuria ya mkaza mwana. "Siwezi kula mkono wa mwizi. Nileteeni jiko langu la mkaa na sufuria yangu ndogo, nitapika mwenyewe nikiwa nimekaa. Na mchele wangu nipimiwe. Pishi moja kwa wiki, vibaba vinne, kwa kibaba changu, nisije nikaibiwa kwa vikopo vyenu." Mwanawe akakubali. Sheria aliitunga mwenyewe, muwe mashahidi.

Sasa sikilizeni. Mchele wa sokoni ulikuwa umeingia fukusi, wale wadudu wa nafaka, na mkaza mwana akaamua kuosha vyombo vyote vya kupimia kwa maji ya moto. Akakitumbukiza kile kibaba. Baada ya muda kikaelea kitu juu ya maji, cheusi, cha mviringo, kinang'aa. Aliponitumia mtu nimfuate, nilimkuta amekaa chini na kile kitu kiganjani. Ilikuwa nta, iliyopakwa masizi ikafanana na mti. Unene wake vidole viwili vyangu.

Ndipo nikaelewa kila kitu, nikaketi chini bila kukaribishwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hiki kilikuwa kimeshajaa kabla haba ya kwanza haijaingia! Kile alichowarundikia wateja juu alikuwa ameshakitoa chini. Mteja akifika nyumbani na kupima kwa chombo chake, anapata kibaba kamili, si zaidi, si pungufu, na anabaki kusifu mkono wa Mama Tele. Nta ililipa tele. Lakini nyumbani alifuta. Nyumbani hapakuwa na rundo la kufidia nta, kwa hiyo kila kibaba kilipungua robo, na vibaba vinne vikawa vitatu. Na siku ile sokoni alijua. Alipokiziba kwa kiganja alijua, akachagua kumfungua mtoto wa watu mdomo.

"Mwanangu," nikamwambia, "twende sokoni sasa hivi. Tuiweke hii nta mezani, kila mtu aione, ujisafishe jina."

Akanitazama. "Shangazi, nani ataamini? Watasema Kipanya ameitia mwenyewe ili amchafue mgonjwa." Alikuwa amesema kweli tupu.

Akainuka, akaweka nta kwenye kopo, akaiyeyusha motoni, akaimimina tena ndani ya kibaba. Alikitazama mpaka ikaganda. Akapaka masizi kwa kidole, vizuri, pande zote. Siku iliyofuata alimwagiza mumewe achonge kibaba kipya cha kutumia sokoni, cha haki, naye akawa anauza mfuto, na wateja wakanung'unika wakimkumbuka Mama Tele. Cha zamani akakiweka rafuni chumba cha nyuma, juu ya kitanda cha mwenyewe.

Mara ya kwanza alipompimia nilikuwepo kumjulia hali mgonjwa. Mkaza mwana alifuta kibaba cha kwanza kwa kijiti. Wifi akasema, "Hebu nikishike." Akakipima uzito mkononi, akaingiza kidole ndani, akakigonga kwa ukucha. Nadhani alitegemea kutiliwa tele kama mteja; sasa anafutiwa juu ya nta yake mwenyewe, rangi ikamtoka usoni. Akamtazama binti, binti naye akamtazama.

"Ni kibaba chako mwenyewe, mama," akasema. "Kama ulivyoagiza."

"Nitilie tele."

"Tele kwa wateja, mama."

Nisiwadanganye, nilifurahi. Nilitoka pale nikatembea kama nimepewa zawadi.

Lakini mchele wa vibaba vitatu kwa mtu anayepaswa kula vinne, tena hana chakula kingine, si jambo la kufurahia muda mrefu. Wiki zikaenda. Wifi alikuwa mwanamke wa mwili, ukawa unamkauka. Mwisho wa kila wiki jiko lake halikuwaka, akanywa maji ya moto na chumvi, na kiburi kikamkataza kuomba kwenye sufuria ya mwenzake. Jirani akimletea chochote alisema ameshiba. Maneno matatu tu yangemwokoa: kibaba kina nta. Angeyasema, angekula. Lakini angeyasema, Mama Tele angekufa siku hiyohiyo, mbele ya soko zima na mbele ya mwanawe, na mchezo wa siku ile ya mdomo ungejulikana.

Mwishowe akamwambia mwanawe njia ya pembeni. "Mwanangu, mchele haunitoshi."

Mtoto wa kaka yangu si mtu mbaya, ni mzito tu wa kufikiri. Jioni hiyo alikwenda jikoni akaileta pishi ya babu yake. Mkewe akamfuata, nami nilikuwa nimekaa kwenye stuli mlangoni. Mchele wa wiki ulikuwa umepimwa asubuhi, upo mfukoni mwake kando ya kitanda.

"Umeshaupika, mama?"

"Bado. Sijaugusa."

Akaumimina kwenye pishi, akautikisa ulale. Haukufika ukingoni. Vilibaki vidole viwili.

"Mama," akasema polepole, "vibaba vinne ni pishi. Wewe ndiye uliyenifundisha, bado sijaota hata meno ya mbele. Mke wangu, ulimpimia vingapi?"

"Vinne. Yeye mwenyewe alihesabu."

"Ni kweli, mama?"

"Vinne," wifi akasema.

"Basi kimoja kimekwenda wapi?"

Wifi akainua macho akakitazama kibaba pale rafuni, na mdomo wake ukatetemeka kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nikajua neno liko pale, kwenye ncha ya ulimi. Ningeweza kulisema mimi. Sikulisema, mdomo alikuwa nao mwenyewe, na wengine walishafunguliwa midomo yao.

"Sijala," akasema. "Wallahi sijala."

"Fungua mdomo, mama, tuone," akasema mkaza mwana. Alisema kwa upole, kwa sauti ileile ya adabu aliyoingia nayo nyumba ile.

"Mke wangu! Huyu ni mama!"

Lakini wifi alikuwa ameshafungua. Alifungua mdomo wake mkubwa uliosifiwa sokoni, meno machache, ulimi mweupe kwa njaa, na hakukuwa na punje hata moja ndani. Machozi yalimtiririka yakaingia humohumo mdomoni. Tulimtazama wote watatu. Kisha akaufunga, akameza, akageuza uso ukutani.

"Nimekula mimi," akasema.

Mwanawe akashika kichwa kwa aibu. Mkaza mwana akaumimina mchele ukarudi mfukoni, akaufunga fundo, akauweka kando ya mto, akamvutia shuka mgonjwa mpaka mabegani.

"Nimekusamehe, mama," akamwambia. "Panya naye ni kiumbe."